Gia ya Tatu Kwenye Mteremko wa Mikorosho

Baba,

Si mimi niliyeingiza gia ya tatu. Sijamwambia mtu. Nyumbani wote wanasema ni mimi, nami nainamisha kichwa, wanadhani ni haya zangu zilezile.

Tangu tulipokuzika, pikapu yako anaiendesha Baba mdogo. Mama yuko eda, hatoki. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, basi napanda naye kumsaidia kufunga kamba. Mpunga wa kisiwani Maparoni bado unashushwa na mashua Nyamisati, tunaupakia kwenye tela, tunaupeleka mashineni Kibiti. Siti yako uliiacha na shimo, ameliziba kwa mto. Harufu yako ilishaondoka. Nilidhani imeondoka.

Unamjua mdogo wako. Hata akiwa na tela anang'ang'ania gia ya tano, injini inatetemeka kwa kukosa nguvu, moshi mweusi nyuma, harudi ya nne mpaka gari linakaribia kuzima. Ulikuwa ukimwambia apunguze mwendo: "Hamsini inafika, themanini inafikishwa." Naye anacheka: "Kaka anaogopa mpaka kivuli cha tela." Na akifika mteremkoni anatoa gia, gari linajiendea fri, aokoe mafuta. Madereva wengi wa huku ndivyo wanavyofanya. Lakini wewe, siku ulipokuwa unanifundisha kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, uliniambia: "Somoe, gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Mafuta unayookoa mteremkoni yatakununulia sanda."

Juzi mchana tuliufikia mteremko wa mikorosho, tela limejaa. Akatoa gia. Nilitaka kusema. Baba, unaijua sauti yangu. Gari likaanza kukimbia, tela likatusukuma, kisha likaanza kucheza, kushoto, kulia, kama mbwa anayejikung'uta maji. Baba mdogo akakanyaga breki. Pakanuka kuungua, na breki ikalegea chini ya mguu wake. "Somoe, shika," akasema. Sikujua nishike nini. Mikono yake yote ilikuwa kwenye usukani.

Ndipo pakanyamaza. Injini sikuisikia, wala magurudumu. Mikorosho ilipita dirishani bila sauti. Ikaja harufu ya karafuu maiti, ile ya siku ulipooshwa, chumbani. Nikapeleka mkono kwenye gia, nikakuta mkono mwingine umekwisha kuishika. Sikuuona. Niliugusa. Ulikuwa wa baridi, umelowa, na kidole gumba kimepinda pale jeki ilipokuvunja. Haukuwa na haraka. Uliisukuma gia mpaka ya tatu taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Injini ikalia, gari likashikwa, tela likanyooka.

Tuliposimama chini, Baba mdogo alitapika, akacheka, akalia kidogo. "Mwanangu, umeingizaje bila klachi? Mguu wangu mimi ulikuwa kwenye breki tu." Nikasema, nimeingiza tu. Kiganja changu kilikuwa kimelowa, na hakikukauka mpaka tukaingia Kibiti.

Sasa ameapa hashiki tena usukani wenye tela. Alikuwa ameshapata mtu wa kulinunua gari, amemwambia haliuzwi tena. "Gari hili ni la Somoe," kamwambia Mama. Leseni ya kujifunzia ninayo, yeye atakaa pembeni yangu. Kesho napakia. Mama amekubali kwa sababu ya jambo ambalo sikulifanya, na hiyo ndiyo kazi itakayotulisha.

Naogopa, Baba. Si kuendesha. Naogopa nitafika juu ya mteremko na ule mkono utakuwepo. Na naogopa zaidi kwamba nitausubiri.

Aliyezikwa anatakiwa apumzike. Kwa hiyo nakuahidi: nitapunguza gia mapema, gari likiwa bado tambarare, niiache injini ilizuie. Breki nitaigusa na kuiachia. Tela likicheza nitatoa mguu kwenye mafuta, nishike usukani usipinde. Na mtu akitaka gari liende fri nitamkatalia, hata kwa hii sauti yangu ndogo. Usije tena. Lala, Baba, Mungu akupe nafasi huko uliko.

Ila Mama anakuota. Kila asubuhi anatueleza ulichomwambia. Ukimjia, muulize hali, msemeshe lolote utakalo, lakini hili la gia usimwambie. Libaki lako na langu.

Mwanao,
Somoe