Kahawa Niliyotafuna Chooni

Rwezamenyo, Kigali
9 Juni 2025

Shangazi Praxeda,

Kabla hujaendelea, kaa chini. Kama miwani imepotea tena, mwite mtu akusomee kwa sauti, maana habari hii si ya kusomwa kimya. Mimi Laurean, mtoto wa kaka yako, nimezaliwa na bahati ambayo hata waliozaliwa hospitali kubwa hawana. Nimeshinda! Medali ya dhahabu ya kunyanyua vyuma, mashindano ya klabu za hapa mjini, iko shingoni mwangu hivi ninavyoandika. Naoga nayo.

Sasa salamu. Goti lako linaendeleaje? Yule jogoo mgomvi bado yupo? Mimi ni mzima kama chuma chenyewe. Mchana nabeba magunia ghalani Masoro, jioni nanyanyua vyuma hapa mtaani, na wenzangu wanasema mimi ndiye mtu pekee Kigali anayepumzika kwa kubeba.

Nikueleze nilivyoshinda. Kocha wetu Benon, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, anajua kila kitu kilichoandikwa kwenye simu. Anasema ndani ya kahawa kuna kitu kinaitwa kafeini. Ukikila kama saa moja kabla ya kunyanyua, mwili unaamka, chuma kinakuwa chepesi kidogo, na sheria za mchezo hazikatazi. Kidogo hicho ndicho kinachotenganisha dhahabu na makofi ya pole. Yeye anauza ya unga, kwenye kopo lenye picha ya simba. Nikamwambia, "Kocha, kwetu Kamachumu nilianza kutafuna kahawa kabla sijaota meno yote." Akacheka. "Mbegu za bibi," akasema. Mbegu za bibi! Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini tusi nalijua hata likivaa tai.

Basi siku yenyewe nikafanya ujanja wa mjini. Mpinzani wangu ni Cyusa, kijana wa Kanombe, baba yake mwanajeshi, mgongo kama mlango wa benki. Nikasema, huyu akiniona natafuna ataomba. Nikajifungia chooni na kifurushi chako cha kahawa, nikatafuna peke yangu, mlango nimeukaza kwa mguu. Nilipotoka nikamkuta amekaa na chupa yake ya maziwa. Nikamsalimu vizuri, pumzi nimeibana asinuse. Kisha nikamshinda.

Watangazie wote. Na unitumie kahawa nyingine kwa Bigirimana, dereva wa lori, kama kawaida.

Mwanao bingwa,
Laurean


Kamachumu
20 Juni 2025

Laurean,

Salamu zimefika. Goti linauma. Jogoo tulimla kwa heshima yako, na sasa namwonea huruma jogoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kama ulivyoagiza. Wanakwaya walikuwa wamejaa sebuleni, kikapu cha kahawa kinapita mkono kwa mkono. Niliposoma medali, wakapiga vigelegele. Nami kwa kiburi changu nikaendelea kwa sauti ile ile, hadi nikafika chooni. Chooni, Laurean! Ma Aneth, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amechukua punje, akairudisha kikapuni polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

Wewe ulilelewa wapi? Si hapa, kwenye mkeka huu? Hata yule bwana aliyenishtaki kwa mpaka wa shamba, alipoingia kwangu nilimpa kahawa kwa mikono miwili. Akatafuna. Ndipo tukatukanana. Kahawa ile naichuma mwenyewe, naichemsha na majani yake, naianika, nashinda nikifukuza kuku. Sijawahi kuipika ili mtu ajifungie nayo. Mtu amekaa na maziwa yake, hana habari, nawe unambania pumzi! Afadhali ungempiga kofi, angejua.

Eti ujanja wa mjini. Mjini nimefika, mwanangu. Nako kuna watu.

Kahawa haiji. Simu zako sipokei, ndiyo maana naandika, usije ukasema mtandao ulikatika. Siku ukitaka kuniona, njoo na huyo Cyusa. Umpe kahawa mbele yangu na mbele ya Ma Aneth, kwa mikono miwili. Ukija bila yeye, mlango wangu nao utakazwa kwa mguu, hata huu wenye goti bovu.

Shangazi yako, bado kwa sasa,
Praxeda


Rwezamenyo, Kigali
28 Juni 2025

Shangazi,

Natumaini goti limepoa kuliko moyo. Mimi si mzima.

Umenionea! Mashindano si msiba wala harusi, hakuna anayepitisha kikapu. Benon mwenyewe kopo lake analifungia kabatini. Wengine wananong'ona na maji yao ya mganga. Na wewe unataka mimi peke yangu niwe mwenyeji wa Kigali nzima? Ma Aneth naye, kurudisha punje aliyokwisha kuishika, hiyo ndiyo adabu?

Tangu kahawa iishe kichwa kinanigonga, nasinzia juu ya magunia mchana kweupe. Nimenunua kopo la simba. Moyo ulikimbia kama pikipiki iliyokatika breki, na chuma kilibaki pale pale kinanitazama. Simba gani huyo.

Nitumie hata konzi moja. Matusi weka juu yake, nitayapokea yote.

Mwanao uliyemwonea,
Laurean


Rwezamenyo, Kigali
3 Agosti 2025

Shangazi,

Bigirimana alinirudishia barua yangu haijafunguliwa, imelazwa ndani ya kikapu kitupu. Kikapu kitupu! Kwetu hicho apewe nani, kama si mchoyo? Safari hii nimemwagiza aisome mwenyewe nje ya mlango wako, na unajua ana sauti ya honi. Kwa hiyo majirani, hamjambo nyote. Ma Aneth, shikamoo, najua uko karibu.

Nimekaa na kikapu hiki mwezi mzima, kila nikikitazama nakasirika upya. Uniite mvivu, sawa. Uniite mwenye maneno mengi, nani atabisha? Lakini mchoyo? Mchoyo, mimi? Niliyekuwa nikitumwa na wewe kuwakimbilia wapita njia barabarani waje watafune?

Siku ile ya mashindano sikuingia chooni. Nilikaa kwenye benchi la wachezaji, nikafungua kifurushi. Cyusa akaja akakaa kando yangu, akanijulia hali. "Amakuru, Laurean?" Punje ilikuwa imeshafika mdomoni. Sasa niambie wewe uliyenilea, ningetafunaje na mtu ananitazama? Mkono ukatoka wenyewe. Wa pili ukaufuata.

"Sha, iyi ni nini? Ni dawa?"

"Ni kahawa ya kwetu. Tafuna, usimeze."

"Kahawa iko namna hii?" Akaonja. "Mama we! Iko kari!"

"Ukiitema umemtukana shangazi yangu."

Akaogopa kukutukana. Akatafuna, nikamwongeza.

Huyo mtu, Shangazi, tangu azaliwe ni maziwa tu, hata chai ni kwa kubembelezwa. Kahawa ilimwingia kama mgeni rasmi, kila kiungo kikasimama kumpokea. Mimi naitafuna kutwa nzima ghalani, mwili wangu haukugeuka hata kuangalia nani kaingia. Nikaona hainipandi, nikajaza konzi nzima. Hapo ikanipanda, lakini kwenye vidole. Na uzito wa kuanzia nilikuwa nimeshautaja mbele za watu, mkubwa kuliko wa wote, kwa kujisifu tu. Kwenye mchezo wetu ukianza juu hushuki. Unapewa nafasi tatu. Zote tatu chuma kilirudi chini kwa kishindo, na mikono yangu inatetemeka watu wakiiona.

Cyusa akanyanyua uzito ambao hajawahi kuugusa hata mazoezini. Aliposhuka akaja kunikumbatia nusura anivunje mbavu. "Mbegu za shangazi yako!" akapiga kelele, Benon akisikia. Benon akanivuta pembeni.

"Wewe ni mjinga," akaniambia. "Mtu hajawahi kuionja, umempa saa moja kabla, kiasi kile kile kinachotakiwa. Hata mimi kocha nisingempangia vizuri hivyo."

Nilirudi nyumbani nimeukasirikia mkono wangu huu. Ndipo nikakaa nikakuandikia ile barua ya choo, vile nilivyotamani mkono huo ungefanya.

Cyusa nimemweleza yote, choo na kikapu na jogoo. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akauliza. "Shangazi anafikiri ulinificha?" Nikasema ndiyo. "Twende. Nibebe nini? Maziwa?" Nikamwambia abebe maziwa.

Tunafika Jumamosi na lori la Bigirimana. Kikapu chako Bigirimana anakurudishia pamoja na barua hii, naomba kiwe kimejaa tukiingia, maana nitampa kwa mikono miwili mbele ya Ma Aneth, na ajue ni mara ya pili. Medali mtaiona, inang'aa kweli. Imo shingoni mwake. Wanakwaya wakitaka kuimba, jina ni Cyusa.

Jogoo anisamehe. Mimi sikushinda.

Mwanao,
Laurean