Mchanga katika Sikio la Papa

Jumapili, 3 Julai 1994

Nafungua daftari hili kwa salamu na kwa aibu. Tangu Pasaka sijaandika neno. Naomba radhi, ingawa hakuna wa kunisamehe hapa ila mimi mwenyewe. Chai imechemka. Uwanja umefagiwa. Kuku watatu wamekula. Kanisani nimesoma somo la kwanza bila kosa. Mungu ashukuriwe.

Kizunguzungu kimerudi mara mbili. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Julai

Nimeyumba nikitoka soko la Kibuye. Niligeuza kichwa kulia kuitikia salamu, barabara ikainuka. Nikashika ukuta wa kinyozi. Nyuma yangu alikuwa Mama Dorina, jirani yangu muuza samaki, na beseni lake kichwani.

"Baba Akinyi, leo hii barabara yote ni yako?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka kwa adabu. Nilipaswa kueleza. Sikueleza. Nina miaka sabini na mmoja na sikujua nianzie wapi.

Jumapili, 10 Julai

Siku mbaya. Niandike upesi iishe.

Nilishika kikombe cha Ushirika, kazi yangu ya miaka ishirini na miwili. Nikainama, nikageukia kulia kwa aliyefuata. Kanisa zima likazunguka. Divai ikamwagika juu ya kitambaa cheupe cha Mama Dorina. Nikaanguka kwa goti moja. Mtoto mmoja tu alikuwa akilia nyuma.

Baada ya ibada Pasta aliniita kando. Ni kijana mwema, simlaumu. Alisema, "Mzee Zakaria, upumzike kidogo. Kusoma, na kikombe pia. Wazee watakutana tarehe ishirini na nne." Alipokuwa akisema alinisogelea, akavuta pumzi kwa pua. Najua alichokuwa akitafuta.

Wanadhani ninakunywa.

Jumatatu, 11 Julai

Perisi alikubali kuolewa nami kwa sharti moja. Nisionje pombe maisha yangu yote, isipokuwa mezani pa Bwana. Baba yake alikuwa amekufa kwa chang'aa, naye alimwona akifa. Niliapa mbele yake. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, sikuvunja. Sasa yeye ana miaka miwili kaburini, na watu wanasema mumewe alikuwa akingoja tu azikwe.

Hilo ndilo linaloniuma. Kikombe naweza kukiacha kwa wengine. Neno langu kwake siwezi.

Jumatano, 13 Julai

Barua kutoka kwa Akinyi, mtoto wetu wa pekee, aliyeolewa Port Victoria. Mama Dorina huenda huko kununua omena, dagaa wa ziwani. Omena wamekuja Kisumu, habari zangu zimekwenda Port Victoria.

Ameandika, "Baba, niambie si kweli. Na kama ni kweli, niambie pia."

Sijajibu. Mlevi naye angeandika kwamba si kweli.

Alhamisi, 14 Julai

Nimejionea aibu. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtunza maabara katika shule ya misheni. Watu huniita Mwalimu kwa ukarimu wao. Mimi nilikuwa nikiosha vioo na kuandaa vielelezo. Lakini kupima nilijifunza. Kwa nini sijajipima?

Asubuhi hii nimejipima kitandani. Ubavu wa kushoto: hakuna kitu. Chali: kidogo. Ubavu wa kulia: kitanda kinapinduka. Nikaanza Sala ya Bwana ili kupata muda. Kinaanza kabla ya "jina lako", kinakoma nifikapo "mkate wetu". Nimerudia mara tatu. Matokeo yale yale. Baada ya mara ya tatu nilitapika. Naomba radhi kwa kuliandika.

Pombe haichagui ubavu. Hii inachagua.

Nyongeza. Upande wa kulia ndiko alikolala Perisi. Tangu Mei sijaweza kugeukia huko.

Ijumaa, 15 Julai

Nimemtoa papa stoo.

Zamani, kila mwaka, shule ilipokea papa wadogo kutoka Mombasa, kwenye debe la dawa ya kuhifadhia maiti. Vijana wa kidato cha sita waliwapasua kwa mtihani. Mimi niliwaandaa. Ziwa letu halina papa, kwa hiyo wengi wetu tulimjua akiwa maiti tu. Kidato cha sita kilipofutwa nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani, na kichwa cha papa ndani ya chupa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Perisi alisema hatalala nyumba moja na samaki mwenye meno ya namna ile. Chupa ikaenda stoo, ikafunikwa gunia.

Nimeiosha, nimeiweka mezani, dirishani penye mwanga. Upande wa kulia wa kichwa niliufungua kwa mkono wangu, zamani, kuonyesha sikio. Kazi safi, nikijisifu kidogo. Mirija mitatu myembamba, imepinda kama vipini vya kikapu. Mmoja unaelekea mbele, mmoja nyuma, mmoja umelala. Chini yake kifuko chenye chenga nyeupe kama vumbi la chaki.

Nilimkumbuka Bruda, mtawa wa misheni aliyenifundisha kazi. Ini la papa, wengu, kongosho, figo: alivitaja kimoja kimoja, na kila mara alinigusa mahali pangu panapolingana. Nilizoea. Lakini alipofika sikioni aligonga nyuma ya sikio langu kwa mpini wa kisu. "Mitatu yeye, mitatu wewe, Zakaria. Si ya kusikia. Ni ya kujua wapi ni juu." Nilidhani ananitania.

Alisema pia kwamba baadhi ya papa wana kitundu juu ya kichwa, na mchanga wa baharini huingia humo hadi sikioni, nao huutumia kama uzito. Nikikiosha kichwa kwenye sinia nilikigeuza polepole, na chembe zilizunguka ndani ya mirija zikitafuta pa kutokea.

Nimekaa mbele ya chupa hadi chai ikapoa. Nadhani nina mchanga.

Jumanne, 19 Julai

Hospitali. Foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa saba. Sikunung'unika. Daktari ni msichana wa umri wa Akinyi, amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Nilimsalimu, nikamwomba radhi kwa kumpotezea wakati, nikamwambia kwamba nina mchanga katika sikio la kulia, kama papa.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee, nani alikuambia?"

"Papa mwenyewe, daktari."

Nikampa karatasi yangu ya vipimo. Aliisoma yote, hata Sala ya Bwana. Akasema ningeweza kumfanyia kazi nusu ya siku. Nilikosea jambo moja tu. Binadamu hana kile kitundu. Chembe ni zetu wenyewe, mwili huzitengeneza kama chokaa, nazo hukaa mahali pake. Uzeeni nyingine hung'oka, zikaingia katika mrija usio wao. Ukigeuka zinabingirika, na kichwa kinadhani dunia ndiyo inayobingirika.

Hakunipa dawa. Alinikalisha kitandani, akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akakigeuza kulia. Akanilaza haraka, kichwa kikining'inia ukingoni. Dunia ikazunguka vibaya sana. Nikamshika mkono, sikuuliza ruhusa. "Ngoja, Baba, inapita." Ikapita. Akakigeuza kushoto. Tukangoja. Akanibingirisha ubavuni, uso ukitazama sakafu. Tukangoja. Kisha akaniketisha.

Nilikuwa nimekifanya hivyo kichwa cha papa mara mia, kwenye sinia, kwa mikono miwili, polepole. Sikujua kwamba siku moja mtu atanifanyia mimi.

Akasema huenda ikarudi, nisiogope, nije tena. Akaandika cheti. Nilitoka kwa miguu, nikageuza kichwa kulia makusudi mbele ya ukuta wa kinyozi. Barabara ilibaki chini.

Nashukuru. Nashukuru. Sina neno jingine leo.

Jumapili, 24 Julai

Kikao cha wazee. Nilipeleka cheti, na kikapuni nikapeleka chupa. Sikutaka huruma. Nilitaka waone.

Kwanza niliomba radhi kwa divai iliyomwagika. Kisha nikasema kuhusu kiapo changu kwa Perisi. Nikaweka chupa mezani. Mzee mmoja akasogeza kiti nyuma. "Mwalimu, huyo asikae karibu na Biblia."

Pasta alisoma cheti kwa sauti. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, nikaona hawajaelewa. Cheti kinaweza kuandikwa chochote. Mama Dorina alikuwapo kwa niaba ya akina mama. Alinyanyuka, akachukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga kama anayenunua.

"Hii mnaita sikio? Hata mbuta wa ziwa letu ana mawe hapa. Mawili. Moja huku, moja huku. Watoto wangu wanacheza nayo. Miaka yote napasua vichwa vya mbuta najiuliza, hii jiwe ni ya nini?"

Nikamwambia kwamba ni ya kujua wapi ni juu.

"Na yako, Baba Akinyi, ilihama nyumba?"

"Ilihama, Mama. Daktari ameirudisha."

Alirudisha chupa mezani taratibu sana. "Yawa! Na mimi nimebeba maneno mpaka Port Victoria." Akawageukia wazee. "Huyu mzee hajakunywa. Mkitaka nilete kichwa cha mbuta nipasue hapa, naleta sasa hivi. Lakini mpeni kikombe chake."

Pasta aliinuka, akanipa mkono, na hakunusa. Jumapili ijayo ninasoma somo la kwanza. Kikombe pia.

Sikulia mbele yao. Nililia nyuma ya kanisa, kwa muda mfupi, kama mtu mzima.

Jumatatu, 25 Julai

Nimeamka nikiwa nimelalia ubavu wa kulia. Sikumbuki nilipogeuka. Mbele yangu ulikuwa mto wake. Nilikaa hivyo hadi kuku walipoanza kelele.

Papa amerudi stoo. Nimemfunika kwa taulo safi badala ya gunia. Fundi aliyetuumba, yeye na mimi, ni mmoja.

Nimemwandikia Akinyi kurasa mbili. Nimemwomba radhi kwa kuchelewa kumjibu, nikamwambia si kweli, nikamweleza kila kitu tangu ukuta wa kinyozi. Nimemwambia kwamba neno langu kwa mama yake ni zima.

Mama Dorina anakwenda kununua omena kesho asubuhi. Ameniomba yeye mwenyewe aibebe barua. Nimempa.