Papa, Sitaacha Vidonge

Kalemie, Siku ya Mungu, baada ya misa

Papa mpendwa,

Ninakusalimu wewe na Mama kwa moyo mweupe. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na kifua chako, kimetulia? Sisi hapa wazima, na safari hii nasema bila kuficha: mimi pia niko mzima. Tazama mwandiko. Barua mbili za mwisho aliandika mke wangu Kyungu, kwa sababu mimi sikuweza kushika kalamu.

Nikueleze yote. Uliniagizia kwa kinywa cha mashinisti wa treni niache vidonge, nirudi kwenu Kabalo, ati vitanila ubongo. Neno hilo liliniingia. Unajua nilivyougua: sauti za watu nisiowaona zilinitukana hata kazini, ndani ya biro ya gare ya treni, siku nne sikupata usingizi. Kyungu akanipeleka hospitali, wakanipa vidonge. Juma la pili sauti zikaanza kufifia. Lakini mikono ikatetemeka na shingo ikakakamaa. Kazi yangu ni kuandika namba za mabehewa, nami niliandika vitu nisivyoweza kusoma mwenyewe. Shefu, anayetuita sote sitwayeni kama raia wenzake, akasema, "Sitwayeni Numbi, enda nyumbani kwanza, upone."

Basi ujumbe wako ulipofika, nikavitupa vidonge chooni, sikumwambia mtu. Mikono ikatulia, nikakusifu. Kisha sauti zikarudi, kali kuliko kwanza. Papa, nilimkimbia Kyungu mpaka sokoni, nimevaa shati tu, nikidhani anataka kuniua. Wanawake wauza samaki wadogo wa ndagala ndio walionishika na kunifunika kitenge.

Munganga wa hospitali, mama mmoja mpole, hakunigombeza.

"Uliacha dawa?"

"Ndiyo. Papa anasema inakula ubongo."

Hakucheka. Alichukua bahasha, akachora nyuma yake chembe mbili za ubongo, akaacha nafasi ndogo katikati.

"Hizi hazigusane," akasema. "Moja inatupa kemikali yenye kubeba habari, ingine inaidaka na protini zake. Kwako, habari zinapita nyingi sana. Dawa inakaa juu ya hizo protini, inapunguza. Haizikule."

"Na mikono yangu?"

"Protini kama hizo ziko pia mahali ubongo unaongoza mikono. Dawa haijue kuchagua. Njo maana unatetemeka."

Akanieleza kwamba chembe huchukua majuma mengi kujipanga upya, protini nyingine zikiongezeka, nyingine zikipungua. Ndiyo sababu nafuu haiji kwa siku moja, na ndiyo sababu muntu haachi kwa gafula. Nikamuuliza kama wanajua yote yanayotokea mle ndani. "Hapana," akasema, "mengine bado tunatafuta." Hapo ndipo nilipomwamini. Akapunguza kipimo, akaongeza kidonge kingine cha kutuliza mikono.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Kinywa kinanikauka, na nimenenepa hata Kyungu ameachia mishono ya suruali zangu zote. Mikono bado inatikisika kidogo nikiwa na njaa. Lakini sauti zimenyamaza, Papa. Nasikia watoto wangu wanapocheza, basi. Nimerudi biro. Siku ya kwanza shefu alivuta daftari langu, akapitisha kidole kwenye mstari, akasema, "Hii ninaisoma." Nilitoka nikaenda nyuma ya mabehewa, nikalia.

Sikuwekei kinyongo. Uliogopa kwa ajili yangu, hata mimi niliogopa. Ila vidonge sitaviacha tena, na kurudi kukaa hapo bila kazi sitarudi.

Liko jambo moja bado. Kyungu amesikia kwamba Monga, binti wa shangazi, anaongea peke yake, nanyi mmemfunga kamba chumbani. Nilipoambiwa nilikwenda hospitali. Nimemwomba munganga, amekubali kumwona. Kitanda chake tumekwisha kutandika. Umlete wewe mwenyewe, maana wewe anakusikiliza.

Umsalimie shangazi, umwambie asilie. Umsalimie kaka mkubwa Kisimba na wavuvi wenzake wa Lualaba, na mke wake aliyenitumia unga wa muhogo. Mama umwambie mwanawe analala usingizi mpaka jogoo wanamuudhi.

Lakini Papa, kamba mziondoe hapo nyumbani, msingoje mpaka gare. Monga apande treni kwa miguu yake.

Mwanao,
Numbi