Mashine Imeharibika

Jumatatu, 4 Agosti
Presha 158 kwa 101. Nimepima kabla ya kwenda kazini Mtumba, kama kila siku. Saa nne wenzangu wakaenda kunywa supu ya mbuzi na chapati. Nimebaki kwenye kiti na ndizi mbili. Nina hasira na kila anayetafuna.

Jumatano, 6 Agosti
Daktari kanikaripia tena. Kukaa kutwa nzima, mafuta, chumvi, bia. Dawa nimeze hata nikijisikia mzima. Mke wangu Neema anatikisa kichwa kukubali utadhani kalipwa. Nimemwambia dawa yangu iko Haneti kwa mama. Miaka sabini na kitu, mwembamba, analima, anatembea, hajawahi kulazwa. Ugali wa uwele na mboga ya mlenda. Naenda kula anavyokula yeye.

Ijumaa, 8 Agosti. Haneti
Nane Nane, hakuna kazi. Mama kapika mlenda mkavu kwa magadi na chumvi ya kutosha. Nimekula mpaka nikalegeza mkanda. Yeye akachota chumvi nyingine kwa vidole, akanyunyizia bakuli lake. Mwili ule una nini cha kuogopa?

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi 162 kwa 104. Nimeudhika. Mama akacheka, akanyoosha mkono apimwe na yeye. 212 kwa 118. Nikarudia. 209. Haiwezekani. Kumbe mashine imekufa, ndiyo maana na mimi inanisingizia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.
"Inasemaje?" mama akauliza.
"Imeharibika, mama."
Akarudi kupepeta uwele wake. Dada yangu Esta, anayeishi naye, kasema siku hizi mama analalamika kisogo kinamuuma. Nikasema ni jua.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeirudisha mashine dukani kwa ukali. Muuzaji akaifunga mkononi mwake: 121 kwa 79. Akaifunga mkononi mwangu: 160. Akaniuliza, bosi, ubovu uko wapi? Nimempigia Esta ampeleke mama zahanati. Kasema mama kaenda kuokota kuni. Wataenda kesho.

Jumanne, 12 Agosti
Mama kaanguka jikoni alfajiri, akiwasha moto. Kiharusi. Upande wote wa kulia.

Alhamisi, 14 Agosti
Hospitali, mjini. Mama ananitazama kwa jicho moja. Daktari anasema presha hii ni ya miaka mingi. Umri, chumvi, magadi, kutopimwa. Wembamba na jembe havikumkinga. Akauliza kama kuna mtu aliwahi kumpima.
Nikasema hapana.
Esta alikuwa amesimama pale pale. Akainamisha kichwa. Bora angenizaba kofi.

Jumapili, 7 Septemba. Nkuhungu
Mama yuko kwetu sasa. Neema yuko kanisani. Nimepika mlenda mwenyewe, bila magadi, chumvi chembe tu. Nimemlisha. Kijiko cha pili akafumba mdomo. Vidole vya mkono wa kushoto vikawa vinapapasa pembeni mwa bakuli, vinatafuta chumvi. Nilishaiondoa mezani.
Nimempima, nikajipima. Mimi 136 kwa 88. Imeshuka. Sina wa kumwambia.
Akalala. Nikala mlenda aliouacha, wote. Hauna ladha hata kidogo.