Shemeji Anamtibu Baba Mkwe kwa Dawa Aliyoijaribu kwa Mbuzi

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla hasira haijanipasua. Baba mkwe wangu ana presha, hospitali walimpa vidonge na alikuwa anaendelea vizuri, sasa huyu shemeji yangu Thadei, ambaye akisikia jambo redioni basi keshakuwa bingwa, alisikia kwamba wataalamu huko Ulaya waliwapa panya wenye presha dawa mbili kwa pamoja na presha yao ikashuka kuliko kwa dawa moja, akaenda kwa jirani yetu Yotham, naye ana presha, akaomba vidonge vyake vya aina nyingine, akavichanganya na vya baba kwenye pumba akampa beberu letu, na beberu lilipoendelea kula akasema, "Mnaona? Mbuzi hajafa, mzee atakufaje?" Tangu hapo anasaga vidonge vyote viwili kwenye uji ninaopika mimi, kwa sababu mzee hapendi uchungu, na Jumapili mzee aliinuka kwenda misani akaanguka palepale mbele ya ghala la mahindi, Thadei akafurahi eti presha imeshuka! Mume wangu Melkior ananiambia, "Nyamaza, mama, wewe ni mke wa mwana." Na kweli kwa desturi yetu siongei na baba mkwe, chakula namwekea mlangoni nakohoa naondoka. Nifanyeje?

Specioza, Mwamkulu

Specioza,

Nimesoma barua yako nikasukuma kikombe cha chai pembeni. Huyo Thadei ana wazimu gani? Wale panya walikuwa na presha, walipimwa kabla na baada, dawa ilikadiriwa kwa uzito wao, na waliokufa hawakuwa baba wa mtu. Beberu lenu lilikuwa na presha? Nani alilipima? Kuna wagonjwa wanaopewa dawa mbili, lakini anayeziunganisha ni daktari mwenye kipimo mkononi. Kuanguka kwa mzee si kupona. Presha yake huenda imeshuka kupita kiasi, na hiyo nayo inaua.

Nakuonea huruma, lakini na wewe nakugombeza. Unajua kilichomo kwenye uji, halafu unauweka mlangoni na kukohoa!

Leo hii usimpikie Thadei uji wa kusagia dawa. Vidonge vya Yotham visiguswe tena. Mwambie Melkior ampakie baba yake kwenye baiskeli, ampeleke hospitali na vidonge vya aina zote mbili, aeleze kila kitu bila kuona aibu. Kama vile vya mzee mwenyewe viendelee au visimame, daktari ndiye atakayesema.

Melkior akikataa, simama nje ya mlango wa mzee, geuzia uso ukutani kama desturi inavyotaka, useme kwa sauti: "Baba, Thadei anakuwekea dawa ya Yotham kwenye uji." Atafoka kwamba mkwe amemvunjia heshima. Mwache afoke. Ukiendelea kukohoa na kuondoka, siku moja utakuta bakuli halijaguswa.