Mayai ya Kasa na Goti Langu

Kwako mdogo wangu wa damu,

Salamu nyingi, tena za moto. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanatamani kuhama? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limenigomea na jino la mbele limeondoka bila kuaga. Kuku wamefika ishirini na mmoja. Wote wanakula, hakuna anayeshukuru.

Barua hii anaiandika mpangaji wangu, yule afisa wa serikali wa kuhifadhi bahari, tunayemwita Bwana Kasa. Tumekaa jikoni, mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha aandike kila ninachotamka, hata nikimtukana yeye mwenyewe.

Basi sikia ya huku. Serikali imeufunga ufuko wetu, kuanzia kwenye mawe mpaka mto unapoingia baharini. Hakuna kuchota mchanga, hakuna kuwasha taa kali, hakuna kuokota mayai ya kasa. Najua unacheka, maana mimi na wewe tuliyala utotoni tukamdanganya mama kuwa ni ya bata. Sasa ni mali ya taifa, na mlinzi wake ni mimi. Nimepewa fulana ya kijani na filimbi. Fulana inanibana kifuani, na filimbi wanaiogopa kuku tu.

Usiku mmoja kasa alipanda ufukoni akataga mayai mia moja na kumi, karibu mno na maji. Asubuhi ile ile Bwana Kasa akayahamisha, moja moja, utadhani anabeba wachanga, akayafukia juu penye mchanga mkavu na kuzungushia fito. Akaniambia nihesabu kama siku sitini, nifukuze mbwa na kaa. Nikafukuza. Wiki ya pili likaja lori la mchanga, dereva anadai ana ruhusa. Nikaweka kigoda changu mbele ya tairi, nikakaa nikachambua mchele. Nilimwambia apite tu, ila ajue nina wajukuu kumi na wanne na wote wamerithi hasira za babu yao. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Wiki iliyopita watoto wa kasa wakatoka, mapema asubuhi. Ungewaona, mdogo wangu, vijitu vidogo kama kiganja cha mtoto, vinakimbilia majini kama vimechelewa gari. Nililia mpaka nikapuliza filimbi bila sababu. Mtaa mzima ulikuwepo, hata yule dereva wa lori, kamleta mkewe aone.

Lakini walitoka sitini na watatu tu. Bwana Kasa alipofukua kiota aliyakuta arobaini na saba yameharibika, yote ya juu. Tangu siku hiyo hali chakula. Ameshikilia kwamba ni mikono yake iliyoyaua wakati wa kuyahamisha. Juzi aliniambia, hapa hapa jikoni, kuwa kazi hii haimfai. Jumatatu mkubwa wake akija atampa barua ya kuacha kazi, arudi kwa baba yake kuuza vipuri. Barua yenyewe ameshaiandika, imo kwenye begi jeusi, mfuko wa pembeni. Ndiyo, nimepekua. Kusoma sijui, ila bahasha ya mtu aliyekata tamaa naitambua.

Sasa nikwambie neno ambalo nimeshindwa kumwambia mtu usoni. Bwana Kasa alinikataza kuyagusa yale mayai. Alirudia mara tatu. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kufuga hata kifaranga. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, asipogeuza vifaranga hugandia ndani. Na mama yao hawa kataga, kafukia, kaenda zake baharini hata hakutazama nyuma. Mama gani huyo? Basi nikawa mama mimi. Kila asubuhi nikishalisha kuku, nilifukua taratibu, nikageuza yale niliyoyafikia, nikafukia tena. Siku nane nzima. Siku ya tisa goti likavimba, sikuweza tena kuinama, nikaacha.

Kalamu imesimama. Ananitazama. Andika, baba, uliapa.

Anasema yai la kasa si la kuku. Likishatulia mchangani, ukiligeuza mtoto anafia ndani. Haya. Basi niliwaua mimi, arobaini na saba, kwa mapenzi. Na hao sitini na watatu wamepona kwa sababu Mungu alinipa mkono mfupi na goti bovu. Mikono yake yeye haina kosa. Jumatatu nitavaa fulana nimweleze mkubwa wake mwenyewe. Akitaka filimbi yake, nampa.

"Bibi," amesema, "kwa nini hukuniambia?"

"Si ndiyo nakwambia."

Ametoka. Amerudi na ile bahasha, ameitia motoni chini ya birika. Chai imechemka haraka. Sasa anacheka huku machozi yanamtoka, kwa hiyo ukikuta wino umetapakaa usidhani ni mimi. Anasema kasa mwingine ametaga juzi, karibu na mawe, na mlinzi atabaki yule yule akikubali sharti moja: nikisogelea kiota, mikono nyuma. Nimekubali. Tumegombana kidogo kuhusu umbali.

Msalimie shemeji, wapakate wajukuu kwa niaba yangu, na mgongo ukandwe kwa maji ya moto, usijifanye shujaa. Dole gumba langu hilo hapo chini. Chembe za mchanga usizifute, ni za kazini.

Ni mimi dada yako,
Mlinzi wa Ufuko