Noeli Imekuwa Msimu

Singida Mjini, Jumanne, tarehe 23 Desemba. Mvua ya asubuhi imekata, upepo umerudi kazini kwake kama kawaida.

Leo nimewapasha. Nimeingia ofisini kwa Madam na buti zangu zenye matope, nikagonga meza, nikasema Noeli ni Noeli na asiyeitaka aende akatafute sikukuu yake. Ofisi nzima ikanyamaza. Hata feni ilipunguza mwendo.

Uongo mtupu. Sijagonga meza ya mtu. Nilichosema ofisini ni "sawa, Madam", tena hiyo ilikuwa wiki iliyopita, nikachukua brashi na kopo la rangi nikatoka kinyumenyume kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ndiyo maana naandika. Mwanamume akishindwa kusema mbele za watu, anakuja kubwabwaja kwenye simu.

Kwa wewe uliyepotea njia ukaangukia ukurasa huu: mimi ni Mzee Yona, Mnyiramba, darasa la nne la wakati ule, mlinzi wa geti wa mchana kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Jina la kiwanda siliandiki, bado nakula kwao. Pamoja na kufungua geti na kulifunga, mimi ndiye mwandishi wa mabango. Mwandiko wangu ni mzuri kuliko elimu yangu.

Kila mwaka, Desemba ikiingia, nilikuwa natundika getini kitambaa kimoja kimeandikwa HERI YA NOELI. Ni shuka la nyumbani kwangu. Marehemu mke wangu, Naomi, alilipinda mwenyewe pembezoni lisichanike na upepo. Basi. Hakuna aliyewahi kuhoji. Wenye malori walipiga honi, Waislamu wa sokoni wakasema "na wewe pia, mzee", maisha yakaendelea.

Mwaka huu tumeletewa Madam wa utumishi, mpya, kasoma sana, anavaa viatu visivyolia. Ananisalimia vizuri, siwezi kumsingizia. "Shikamoo babu." Marahaba, binti yangu. Halafu akaniambia kwamba makao makuu wametuma maelekezo, kitambaa kibadilishwe. Tusiandike Noeli, maana kiwandani tuko mchanganyiko na hatutaki mtu ajione ametengwa. Tuandike Heri ya Msimu wa Sikukuu.

Na jina la huyu Madam ni Noela.

Nilimwangalia nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Binti aliyezaliwa siku yenyewe, wazazi wake wakampa jina la siku yenyewe, ananiagiza nilifute jina lake getini.

Aliyetengwa ni nani? Nilimuuliza Hamisi. Hamisi ni mpima mizani wetu, Mwislamu, wazee wake walikuja hapa mjini na biashara ya chumvi na nguo kabla mimi sijajua kuvaa suruali. Tumetaniana tangu ndevu zetu ni nyeusi. Nikamwambia, ndugu yangu, wewe ndiye uliyetengwa, Noeli inakuumiza, wameamua kukutetea.

"Inaniumiza tumbo," akasema. "Kila mwaka nakula nyama nyingi."

Hakuwa anacheka sana, lakini. Maana Noeli ya kiwanda hiki, ukweli ni kwamba nusu yake ilikuwa mikononi mwa Hamisi. Mbuzi alichinja yeye, kwa kisu chake, kwa Bismillahi yake, ili uani tule wote kwenye sinia moja asibaki mtu pembeni anatafuna mkate. Hakuna mkuu wa makao makuu aliyetufundisha. Ilikuwa hivyo tu. Mwaka huu mbuzi hayupo. Kuna masanduku ya karatasi yanaletwa na kampuni ya chakula, kila mtu lake, ndani kuna kuku na chipsi, na shughuli yenyewe, ya kesho, inaitwa Jioni ya Shukrani kwa Watumishi. Kwa hiyo Hamisi naye, katika kutetewa, amenyang'anywa kisu.

Akaniambia, "Basi na yule tumwite Madam Msimu." Jina limeshika.

Lakini kilichoniuma siyo mbuzi.

Niseme ukweli, huu ni ukurasa wangu. Mimi kanisani siendi. Tangu tumzike Naomi, nilijaribu Jumapili chache nikashindwa. Alikuwa anakaa kushoto kwangu, ananifinya paja nikianza kusinzia. Sasa pale amekaa mama mwingine, mwema tu, ananukia marashi, hanifinyi. Nilitoka katikati ya mahubiri na sijarudi. Mchungaji akiniuliza namwambia ni magoti.

Kwa hiyo Noeli yangu yote, tangu hapo, ilikuwa ile ya uani kiwandani. Kabla ya kula, nilikuwa napanda juu ya mizani, ile kubwa ya kupimia magunia, ili walioko nyuma wanione. Hamisi anasoma kilo zangu kwa sauti. "Mzee Yona amepungua tena, neno liwe fupi." Watu wanacheka. Halafu nawasimulia: binti mjamzito, safari ya lazima kwa sababu ya serikali na sensa yake, nyumba ya wageni imejaa, mtoto analazwa mahali pa kulishia ng'ombe. Nilikuwa naisimulia kama imetokea njia ya kwenda Manyoni. Mwenye nyumba ya wageni nilimpa sauti ya meneja. Meneja mwenyewe alikuwa anacheka. Nikimaliza nasema, "Huyo ndiye kazaliwa, tuleni." Waislamu, Wakristo na wale wasiojulikana wanajibu, "Tuleni."

Hiyo ndiyo ibada yangu ya mwaka mzima. Ni fupi, lakini nilikuwa naitafuna mpaka Desemba nyingine.

Mwaka huu kwenye ratiba hakuna neno. Kuna muziki, kuna zawadi ya mfanyakazi bora, kuna kupiga picha na mti. Mti ni wa plastiki, wameubandika pamba eti ni barafu. Barafu, hapa Singida, mtu anatembea na mchanga kwenye meno. Nimeona pia kofia nyekundu, za yule babu mnene mwenye mfuko. Huyo babu hajaondolewa. Huyo hatengi mtu. Yuko dukani anauza simu, yuko baa anauza bia, sokoni kengele zake zinalia kwenye spika zikiuza masufuria. Aliyeondolewa ni mtoto peke yake, labda kwa sababu hauzi kitu.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Hapa nina jambo la kukiri.

Madam alinipa kitambaa kipya. Nikaanza kuandika HERI YA MSIMU, na nilipofika katikati nikaona herufi ni nene mno, WA SIKUKUU haitatosha. Mwandishi mzuri angegeuza kitambaa aanze upya. Mimi nikasimama na brashi mkononi, nikafikiri. Neno msimu, kwenye geti letu, lina maana moja tu. Siku kiwanda kinapoanza kununua alizeti tunatundika kitambaa: MSIMU UMEFUNGULIWA. Mkulima kutoka Iramba au Mkalama hasomi zaidi ya hapo. Akiona MSIMU pale juu, anapakia magunia.

Nilijua. Nikainenepesha ile M zaidi kidogo. WA SIKUKUU nikaiandika pembeni, ndogondogo, kama alama za panya. Nikatundika, nikakaa kwenye kiti changu nikisubiri Madam Msimu aone maajabu ya neno lake. Nilidhani watakuja madalali wawili watatu wamgombeze, nami nicheke.

Madalali hawakuja. Leo, mvua ikinyesha, amekuja mama mmoja kutoka Misigiri.

Ameshushwa na lori la mkaa mbele ya geti, yeye na magunia yake mawili ya alizeti aliyoyafunika kwa kitenge chake mwenyewe, kwa hiyo yeye ndiye aliyelowa. Dereva alipita hapa Ijumaa, akaenda kuwaambia kijijini kwamba kiwanda kimefungua tena, amekiona kitambaa kwa macho yake. Mama alikuwa ameyaficha magunia yale tangu mavuno akingoja wakati mzuri. Akaona wakati ndio huu, wanawe wapate nguo za Noeli na yeye arudi na mbegu ya kupanda.

Nikamwambia kwa Kinyiramba, polepole, kwamba hatununui, tulishafunga. Akaangalia juu. Akanijibu kwa Kiswahili, nadhani ili wenye ofisi nao wasikie: "Babu, si mmeandika wenyewe?"

Nilikosa pa kuweka macho.

Madam alitoka na mwavuli. Akauliza kuna nini, Hamisi akamweleza msimu ni nini kwa mkulima. Nikamwona anasoma kitambaa upya, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Akamfunika mama kwa mwavuli, mvua ikaanza kumpiga yeye. Akampigia meneja kuomba magunia mawili tu yapokelewe. Meneja akakataa, mizani imefungwa, hesabu za mwaka zimefungwa. Halafu meneja akataka kujua nani ameandika upuuzi ule.

Madam akanitupia jicho, simu ikiwa bado sikioni. Bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, hilo linajulikana mpaka jikoni.

Nikasema kwa sauti, simu isikie: "Ni mimi, mkuu. Macho ya uzee. Nilipewa maneno mazuri nikayapanga vibaya."

Nimekaripiwa kwenye simu ya mtu mwingine, mbele ya mama wa watu. Sawa. Nilistahili zaidi ya hayo, ila si kwa sababu aliyoitaja yeye.

Hamisi alitafuta guta, akayapeleka magunia sokoni kwa dalali anayemfahamu. Bei ya dalali unaijua. Nguo labda zitapatikana, mbegu sijui. Mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alijifunga kile kitenge kilichokuwa juu ya magunia, akaniaga kama anavyoagwa mtu mzima, kwa heshima: "Haya babu. Noeli njema."

Ndiye mtu wa kwanza kuniambia hivyo mwaka huu. Nimemjibu kwa kikohozi.

Tangu mchana najiuliza, huo uchungu nilioubeba wiki nzima ulikuwa wa nani? Nilikuwa namtetea yule mtoto wa zizini, au kiti changu juu ya mizani? Maana kama ni mtoto, leo alifika getini kwangu amelowa, akakuta nyumba ya wageni imejaa, na aliyemdanganya kwamba kuna nafasi ni mimi, kwa brashi. Kwa miaka yote hiyo nimemwiga yule mwenye nyumba kwa sauti ya meneja, watu wakacheka. Mwaka huu sauti ingekuwa yangu.

Hili lingekuwa neno zuri la kusema uani. Ndivyo shetani alivyo, linakuja mwaka ambao ratiba imejaa muziki.

Kitambaa nimekishusha. Madam hajaniambia kishushwe wala kisishushwe. Geti liko tupu, upepo unapita.

Sasa wewe, Madam Noela. Najua unausoma ukurasa huu, Hamisi alikuona unacheka peke yako kantini na simu. Leo baada ya meneja kukata, ulisema, "Mzee Yona, hili nina deni lako." Hamisi ni shahidi. Umeshasoma hapo juu kwamba M niliinenepesha kwa makusudi, kwa hiyo una haki ya kusema deni limekufa. Mimi sheria sikuzisoma. Ulitamka.

Sidai mbuzi. Mti wenu uwe na barafu yake, kofia vaeni, hata mimi nipeni moja. Naomba tu kesho, kabla masanduku ya chakula hayajafunguliwa, uje na ufunguo wa mizani. Nipande, Hamisi asome kilo, niwasimulie habari ya yule mama na nani kazaliwa, nishuke.

Ni dakika chache tu, binti yangu. Na mizani haitaharibika, nimepungua sana.